Kuonyesha filamu ya bendi ya panki kwenye kibanda umiza, Kigoma: mwongozo kamili

Ukiandika "PANKI LEO USIKU" kwa chaki kwenye ubao wa kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, pale Mwanga mjini Kigoma, watu watadhani umefungua saluni. Yalinikuta. Nilikuwa natangaza filamu ya makala kuhusu bendi ya Afrika Kusini, na mchana kutwa vijana walipita kuniuliza bei ya kunyoa. Kwetu panki ni mtindo wa nywele, pembeni zinapungua, juu zinabaki. Kwamba ni muziki pia, wengi hawajawahi kusikia.

Kisa hicho kilinifundisha kazi yenyewe iko wapi. Kigoma huna haja ya kumweleza mtu machafuko ya kisiasa ni kitu gani. Aliyekaa benchi la tatu huenda wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo mwaka 1996, au babu yake alikimbia Burundi mwaka 1972. Huenda yeye mwenyewe alikuwa Kagunga mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walipokwama kwenye kijiji kile cha ufukweni, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Hayo anayajua kuliko mtengeneza filamu yeyote. Asichokijua ni kwa nini kijana anayeishi katikati ya balaa kama hilo achukue gitaa, alikung'ute kwa fujo dakika 2, halafu aseme ameimba. Eleza hicho. Vita iache, itajieleza yenyewe.

Nimeonyesha filamu za namna hii mara 4. Ya kwanza niliiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, nitaeleza mbele.

Kuchagua filamu

Bendi za panki zilizokulia kwenye machafuko ni nyingi. Belfast, Ireland Kaskazini, vurugu za Wakatoliki na Waprotestanti ziliua watu wapatao 3,500 tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mkataba wa amani wa 1998, na humohumo ndimo ilimozaliwa Stiff Little Fingers mwaka 1977. Kumbi za panki zilikuwa kati ya sehemu chache ambazo vijana wa pande mbili walikaa chumba kimoja. Ni habari tamu, ila lafudhi ya Belfast itakutoa jasho, na nusu ya muda wako utaisha unaeleza kwa nini Wakristo wanauana wao kwa wao.

Mimi nashauri Johannesburg. Ile bendi ya National Wake ilianzishwa huko mwaka 1979, miaka 3 baada ya wanafunzi wa Soweto kuandamana Juni 16, 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans na kupigwa risasi. Mzungu Ivan Kadey alikuwa kwenye gitaa, na ndugu wawili weusi wa Soweto, Gary Khoza kwenye besi na Punka Khoza kwenye dramu. Baadaye akaongezeka Mzungu mwingine, Steve Moni, naye mpiga gitaa. Wakaishi nyumba moja kwenye mtaa wa Wazungu, wakati sheria ya makazi ya 1950 iliamuru kila rangi ikae kwake. Yaani kabla hata hawajaimba neno, kule kupika chungu kimoja tu kulikuwa kosa la jinai. Santuri yao ya 1981 iliuzwa nakala kama 700 ikaondolewa madukani kwa shinikizo la serikali. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua huko. Wazee wetu wanaijua Afrika Kusini ya wakati ule kwa njia ya nyumbani. Wanaikumbuka Mazimbu, Morogoro, vijana waliokimbia Soweto walikosomea kwenye chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Aprili 6, 1979. Mzee akisikia tu "mwaka 79" anaanza kuchangia kabla filamu haijaanza.

Iwe na urefu wa dakika 90, usizidishe. Itazame mara 3 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Mara ya kwanza kama mtazamaji. Mara ya pili ukiwa na daftari. Mara ya tatu zima sauti kabisa, utagundua sehemu ambazo picha peke yake inatosha, na hizo uziwekee alama, kwa sababu hapo hutasema kitu. Angalia pia matusi na watu walio nusu uchi. Panki ina vyote viwili, na ni heri ujue dakika inayokuja kuliko ushtukie pamoja na mama mwenye nyumba.

Ruhusa, bila kuzunguka

Kupakua filamu kwenye intaneti si kupewa ruhusa. Mwandikie mwenye filamu au msambazaji wake barua pepe fupi: ni kibanda cha watu wangapi, mji gani, usiku mmoja au zaidi, kiingilio shilingi ngapi, na kwamba utatafsiri kwa mdomo papo hapo. Usijifanye taasisi. Mimi niliandika "benchi 14, watu 80, kiingilio shilingi 500", wakanijibu ndani ya wiki moja na kuniomba tu niwaandikie baadaye watu walisema nini. Jibu lichapishe, liweke kwenye faili.

Upande wa serikali, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na ukumbi uwe na kibali. Anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, yeye atakuelekeza kwa Bodi ya Filamu. Nenda na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza filamu inahusu nini. Atakuuliza kama kuna siasa ndani. Usimfiche, mwambie ni historia ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, jambo ambalo watoto wanalisoma darasani. Ukificha neno "siasa" ukaja kukamatwa nalo, hakuna atakayekusikiliza.

Kisha mwenyekiti wa mtaa. Kwake hoja ni kelele na saa ya kufunga. Mpe saa kamili na uiheshimu.

Kama unawaza kwenda kuonyesha kwenye kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu, hiyo ni habari nyingine. Huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na usijaribu kupenya kwa kujuana na dereva.

Mwezi, mvua na mpira

Hapa ndipo watu wa kutoka Dar hukosea. Sisi tuko magharibi sana, jua letu linazama kama dakika 40 nyuma ya lao. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado kweupe, na bati la kibanda lenye matundu linaingiza mwanga kama chujio. Subiri swala ya isha ipite, anza saa mbili na nusu usiku.

Mvua zetu zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, zinakwenda mpaka mwezi wa nne au wa tano. Mvua ikipiga bati hakuna spika itakayoshindana nayo. Onyesha Juni hadi Agosti.

Halafu mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa, kwa hiyo siku hizo watu wa Kibirizi na Katonga wanakuwa nyumbani na wana muda. Ukitaka wavuvi, panga usiku wa mwezi mpevu, lakini ndani ya kibanda na si uwanjani, maana mwanga uleule utafifisha picha yako.

Mpira hauna mjadala. Usiombe kibanda siku ya Simba na Yanga, wala Jumanne na Jumatano za Ligi ya Mabingwa. Jumatatu ni yako.

Kutafsiri: hapa usiharakishe

Nchi hii imelelewa na watafsiri wa filamu, akina Lufufu, wanaoingiza utani, wanaowapa waigizaji majina ya mtaani na kuwasemea hata mbwa. Naipenda kazi hiyo na nimekua nayo. Lakini filamu ya makala si ya kung fu. Anayeongea kwenye skrini ni mtu aliyepatwa kweli, na ukimwekea utani mdomoni, mwenzake aliyekaa benchi la tatu ataacha kucheka na ataondoka.

Chukua daftari kubwa, piga mistari upate safu 3. Ya kwanza dakika na sekunde, ya pili nani anaongea, ya tatu maneno utakayosema. Safu ya pili usiandike majina. Watazamaji hawatashika Kadey na Moni usiku mmoja. Andika "mpiga gitaa", "mpiga besi", "mpiga dramu", "askari mstaafu". Kabla ya kila mtu kuongea taja cheo chake mara moja, ukishafika nusu saa hawahitaji tena.

Namna ya kuingia: mwache aanze kwa lugha yake, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, ndipo useme. Watu wasikie sauti yake kabla ya yako. Mimi nina maneno kama 20 ya kutumia ndani ya sekunde 10, na Kiswahili kirefu kitakudanganya uzidishe. Tuseme mtu anaeleza jinsi polisi walivyogonga mlango alfajiri, wakapekua kila chumba, wakauliza nani analala kitanda gani, wakaandika majina na kuondoka bila kumkamata mtu. Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa mistari 5. Ya mwisho: "Walikuja alfajiri. Hawakutafuta silaha, walihesabu vitanda." Maneno 6. Kibanda kizima kilielewa kwamba kosa ni nani anaishi na nani.

Maneno tafuta yaliyokwisha kuishi hapa. Zile karatasi ambazo mtu mweusi alilazimishwa kutembea nazo Afrika Kusini usiziite "pasi", vijana watawaza pasi ya kunyoosha nguo au ya mpira. Sema "kipande". Mzee yeyote anajua kipande cha mkoloni kilikuwa nini na kilichompata asiyekuwa nacho. Polisi wa usalama asiyevaa sare ni "askari kanzu". Wapigaji nao wana maneno yao tangu enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe: solo, ridhim, besi, kucharaza, kukung'uta. Yatumie. Kitu kimoja uwe nacho makini, kodi za gitaa, yaani nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja. Nilisema "wimbo mzima una kodi 3 tu" na mfanyabiashara mmoja akasema kwa sauti, "Hao wana heri."

Sasa kosa langu. Usiku ule wa kwanza nilitafsiri nyimbo. Mwimbaji anapiga kelele, nami napiga kelele juu yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Baada ya wimbo wa pili kijana mmoja wa nyuma alisema, "Kaka, tuachie basi tusikie." Alikuwa sahihi. Panki ikitafsiriwa juu kwa juu inabaki orodha ya malalamiko. Siku hizi kabla ya wimbo nasema sentensi moja, "Hapa anaimba kwamba hana pa kwenda usiku", kisha naweka maiki mezani, naitoa mkononi kabisa, maana mkono wenye maiki una kishawishi. Wimbo ukiisha ndipo naichukua.

Vifaa

Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kwa kibanda chenye giza la kweli. Skrini nzuri kuliko zote niliyowahi kutumia ni ukuta uliopakwa chokaa siku 2 kabla. Shuka jeupe linafaa, ila lishonwe mawili pamoja, la sivyo picha inapenya na watoto wa nje wanatazama bure upande wa pili, kinyumenyume.

Sauti ndiyo nusu ya kazi. Spika 2 ziwe pembeni za skrini, juu ya usawa wa vichwa, zielekee katikati ya benchi. Maiki yako na sauti ya filamu viingie kwenye mikisa moja, ile mashine ya kuchanganya sauti, na mtu wako mmoja akae pale bila kazi nyingine: ukianza kusema anashusha filamu kidogo, ukinyamaza anairudisha. Kwenye nyimbo anapandisha. Mfanyishe mazoezi na daftari lako, mara moja kamili.

Filamu iwe sehemu 2, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Usitegemee intaneti hata kama siku hiyo inakimbia. Jaribu waya wa HDMI ukiwa umeuchezesha kwenye tundu, kwa sababu waya mbovu hukatika mtu akipita na si wakati wa kujaribu. Jenereta iwe nje, mbali, nyuma ya ukuta wa jirani ukiruhusiwa, na waya mrefu. Usiiweke ndani wala mlangoni hata kwa dakika 5, moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Mafuta weka ya saa 3, ujaze kabla, usijaze ikiwa inaunguruma.

Dakika 5 kabla ya filamu

Hili nililigundua mara ya tatu na sasa siliachi. Tafuta kijana anayepiga gitaa kanisani, Mwanga na Gungu hawakosekani, mwombe aje na gitaa lake. Asimame mbele acharaze sebene dakika moja. Watu watatikisa vichwa, ni kitu cha nyumbani, kila mtu Kigoma amekua na redio ya ng'ambo ya ziwa. Kisha mwambie achukue kodi 3, zilezile, azipige haraka kadiri mkono unavyoweza, bila urembo wowote, na aache ghafla.

Halafu sema wewe: kwenye rumba unabembelezwa kwanza, mashairi taratibu, sebene inakuja mwishoni kama zawadi, wimbo unaweza kwenda dakika 8 au 10. Panki inaanza palepale kwenye ugomvi na inaondoka kabla hujakaa. Ilianza New York na London katikati ya miaka ya 1970, kwa vijana waliosema si lazima uwe fundi ndipo upande jukwaani. Gitaa la mkopo linatosha. Waambie pia kwamba wataona vijana wanarukiana na kupigana vikumbo mbele ya jukwaa. Hawagombani, wanacheza, na akianguka mtu wanamnyanyua. Usiposema hilo mapema, mtu atasimama kutafuta mlango, na kwa hadhira ya huku kukimbilia mlango kuna historia yake.

Basi. Zima taa.

Baada ya filamu

Usiulize "mmejifunza nini". Hilo ni swali la mwalimu wa zamu. Na kamwe usiulize nani hapa ni mkimbizi au alikuwa mkimbizi. Wapo watu ambao majirani zao hawajui, na wana sababu zao. Akitaka kusema atasema.

Uliza juu ya vitu. Gitaa lile amelitoa wapi? Redio nyumbani kwenu ilikuwa ya nani, na nani aliruhusiwa kuigusa? Mara nyingi swali zuri litatoka kwao. Mwaka juzi mama mmoja anayeuza maandazi mlangoni pa kibanda, ambaye nilidhani ameingia tu kupumzisha miguu, aliinua mkono.

"Mwanangu, ile nyumba waliyokaa wote, kodi alikuwa analipa nani?"

Nikamwambia filamu haikusema.

"Ndiyo hapo. Mwenye nyumba alijua. Angetaka kuwachoma kwa polisi angewachoma siku ya kwanza. Huyo mtu mbona hawakumhoji?"

Mzee mmoja akamwitikia, "Shemeji, kweli kabisa." Akaeleza kwamba walipofika huku kutoka ng'ambo yeye akiwa na miaka 9, walilala miezi minne kwenye stoo ya mawese ya mtu ambaye hakuwauliza jina. Harufu ya mawese anaisikia mpaka leo akiona gunia. Wengine wakaanza kumtaja kila mmoja mwenye nyumba wake. Tulizungumza dakika 50 bila mimi kuuliza swali, na gitaa halikutajwa tena.

Ukipata kitu kama hicho, kaa chini. Usirekodi kwa simu bila kuomba, na ukikataliwa usiombe mara ya pili. Mimi niliandika nilipofika nyumbani, bila majina, nikawapelekea wenye filamu swali la mama wa maandazi. Walijibu kwamba watu waliokuwa wameonyeshwa filamu hiyo hawakuwahi kuwauliza hilo.

Kufunga

Mlipe kwanza mtu wa mikisa, kisha kijana wa gitaa, ndipo mwenye kibanda, maana yeye haondoki. Hesabu vishina vya tiketi usiku uleule, andika idadi halisi kwenye ile barua pepe ya kuwashukuru, hata kama ni 31 na ulitangaza 80. Shuka lirudi kwa mwenyewe likiwa limefuliwa.

Na mikisa usiizime haraka. Ipe nusu saa watu wakiwa wanatoka. Mara ya mwisho vijana wawili walibaki, mmoja akaliomba lile gitaa la kanisani, mwingine akageuza ndoo. Walikuwa na kodi 2, ya tatu ilikuwa inawashinda. Walikuwa bado wanaitafuta saa tano na dakika 40, mwenyekiti wa mtaa alipotokea mlangoni na tochi.